Wauza kapeti wa hapa Uingereza, hiyo "kufunga bure" yenu ni wizi wa mchana kweupe!

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa tunaoishi Uingereza, hasa anayetaka kung'oa kapeti kuukuu la chumba kizima na kuweka jipya. Tumechoka kupigwa, na tunapigwa pale pale kila siku: chini ya kapeti, ambako mteja hachungulii. Wiki ya kwanza linang'aa. Baada ya miezi mitatu sebule imejaa mikunjo, ngazini linateleza, na ukipiga simu dukani unajibiwa "malizana na fundi".

Hilo la "malizana na fundi" ndilo linaloudhi kuliko yote. Duka linatangaza kapeti, sponji ya chini (underlay) na "kufunga bure". Ukifika kulipa, unaambiwa hela ya kufunga utampa fundi mkononi siku ya kazi. Watu wanadhani ni utaratibu tu. Wapi! Ukilipa vyote dukani, mkataba wako ni na duka, na sheria ya haki za walaji ya 2015 inalibana: kazi ifanywe kwa uangalifu na ujuzi, ikiharibika irudiwe bila wewe kulipa, ikishindikana upunguziwe bei. Ukimpa fundi taslimu, duka limenawa mikono na wewe umebaki na namba isiyopokelewa. Lipeni dukani, risiti moja. Mwenye kadi ya mkopo aitumie, maana kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 kinaibebesha benki dhamana pamoja na duka, kwa kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974. Taslimu ya fundi haina kinga hiyo.

Halafu vipimo. Kapeti nyingi huja kwa roli la upana wa mita 4 au 5. Chumba cha 4.2 kwa 3.6 kinaingia kwenye roli la mita 4 bila kiungo: upana unafunika ile 3.6, unakata urefu wa 4.3, yaani 4.2 na ziada kidogo. Hiyo ni mita za mraba 17.2. Muuzaji mvivu au mjanja atalizungusha, akuuzie la mita 5 kwa urefu wa 3.7, yaani 18.5. Kwenye nyumba ya vyumba vinne, tofauti hiyo si ndogo. Pimeni wenyewe, ukuta hadi ukuta sehemu tatu tofauti maana nyumba za huku zimepinda, na mlangoni mfike hadi katikati ya unene wa mlango. Ila msikate kwa kubana: manyoya ya kapeti lazima yalale upande mmoja chumba kizima. Kipande kikigeuzwa, rangi inaonekana mbili hata kama ni roli lile lile, na hakuna dawa.

Sasa sponji. Roli la kawaida ni mita 11 kwa 1.37, kama mita za mraba 15. Chumba hicho hicho kinatosha roli moja kwa kubana, kwa sababu sponji inaishia kwenye vibao vya misumari (vile vyembamba vyenye meno vinavyoshika kapeti kando ya ukuta), haipandi juu yake. Kwa hiyo anayekuandikia roli mbili kwa chumba kimoja muulize ya pili inakwenda wapi. Sebuleni na chumbani unene wa milimita 9 hadi 11 unafaa. Ngazini hapana! Sponji nene na laini ngazini inabonyea kwenye ukingo wa kidato, kapeti linajikunja na kunyooka kila mguu unaposhuka, na linachakaa hapo kabla ya kwingine kote. Ngazini dai milimita 7 au 8, ngumu, au ya mpira. Vipande vya sponji vikutane bega kwa bega na kupigwa tepu, visipandiane. Na fundi anayesema "hii ya zamani bado nzima", mwambie aibonyeze kwa kidole. Ya mpira wa zamani inageuka unga.

Vibao vya misumari ndiyo wizi unaopendwa. Fundi anaacha vya zamani, vimeoza na kushika kutu, bei unalipa ya vipya. Vipya vinakaa kuzunguka ukuta wote, meno yakitazama ukutani, kukiwa na mwanya mdogo kuliko unene wa kapeti ili kingo ziingie humo zibanwe. Mwanya ukizidi, kingo zinachomoka. Aulize mabomba na nyaya zinapita wapi kabla ya kupiga msumari wowote kwenye sakafu ya mbao, hasa mlangoni na karibu na radieta. Kila kidato cha ngazi kina vibao viwili, kimoja nyuma kwenye sehemu ya kukanyagia, kingine chini kwenye ubao wa kusimama, vikitazamana kwenye kona. Akiweka kimoja na kumalizia kwa pini za stepla, mrudishe.

Mikunjo je? Inatokana na kapeti ambalo halikuvutwa. Kile kifaa cha kusukuma kwa goti kinatosha chumba kidogo tu. Sebule kubwa inahitaji mashine ndefu inayovuta kutoka ukuta hadi ukuta. Muulize fundi kwenye simu kama anayo. Akicheka, kata simu. Na kapeti likitoka kwenye gari la baridi likafungwa papo hapo, litalegea chumba kikipata joto. Lilale ndani siku nzima kwanza.

Nyumba kongwe, jambo moja la haraka: ukikuta chini vigae vya plastiki na gundi nyeusi, fundi asiparue. Huenda kuna asbesto, ambayo hapa ilipigwa marufuku kabisa mwaka 1999 tu. Ipimwe kwanza.

Na yale yasiyotajwa kwenye bei: kuhamisha fanicha, kung'oa na kutupa la zamani, vyuma vya mlangoni vya kushika ukingo wa kapeti, kupunguza milango kwa chini. Mafundi wengi hawagusi mlango kabisa. Kapeti jipya likiwa nene kuliko la zamani, mlango haufungi, na yeye keshaondoka.

Kabla hujamwachia, tembea pekupeku kando ya kuta zote, fungua na ufunge kila mlango, kisha kaa kidato cha chini utazame ngazi ukiwa na tochi.

Anayejua duka linaloandika haya yote kwenye risiti bila kuombwa, aseme liko mji gani. Na nyie mafundi mliomo humu, njooni mjitetee.