Mrejesho: ukuta wa mtaa wetu uliopasuka, Kisumu
Niliuliza kama kamati ya wamiliki wa nyumba wa mtaa wetu ingefaa kumlipa mkandarasi salio lote la ukuta wa mpaka, ilhali ulikuwa umepasuka hata kabla ya kukabidhiwa. Mlinishauri tumwajiri mhandisi asiye na uhusiano naye, na ninawashukuru kwa dhati.

Mhandisi alichimba kando ya msingi akakuta kwamba umesimamishwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, hivyo plasta mpya aliyoipendekeza mkandarasi ingeficha nyufa bila kuzuia ardhi kusogea. Sehemu ya ukuta iliyopasuka imebomolewa, msingi umeshushwa hadi kwenye ardhi ngumu, na zege likamwagiliwa maji kwa siku 7; vipande vya majaribio vya zege hilo vitavunjwa maabarani vikitimiza siku 28 ili kupima uimara wake.

Kilichotupa nguvu ni kifungu cha mkataba kinachoturuhusu kuzuia asilimia 10 ya kila malipo. Kamati isiyo na kifungu hicho, kwa maoni yangu, hubaki kubembeleza. Nusu ya fedha hizo itatolewa mhandisi akishatia saini cheti cha kukamilika, na nusu nyingine baada ya miezi 6 ya kurekebisha kasoro.