Mjadala: Je, Mlimani ianze kufundisha kwa Kiswahili?

Mwanasheria wa Temeke
Ndugu zangu, naleta swali ambalo limenisumbua kazini kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi 14, katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kwa hiyo kufundisha kwa Kiingereza kulieleweka. Kikahamia mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na chini yake ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile iliyotupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Pamoja na hayo yote, kijana anasoma mirathi, mikataba na ushahidi kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, kisha anasimama mbele ya hakimu akilitafuta neno. Juzi nilimwona wakili mmoja kijana akimhoji shahidi, mama muuza samaki. Alitaka kumwambia kwamba ushahidi wake si wa kweli, akakwama katikati ya sentensi, akarudi mwanzo, akakwama tena. Yule mama akamwonea huruma: "Mwanangu, unataka kusema nadanganya?" Hata hakimu aliinamisha uso.

Nauliza basi: chuo kilichotunga kamusi kianze kufundisha kwa lugha ya kamusi hiyo, au kisianze?

Mhitimu wa 1984
Kisianze. Hoja hii si mpya, mdogo wangu. Tume ya Makweta, ile ya Rais kuhusu elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba shule za sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na vyuo vikuu vifuate baadaye. Serikali haikukubali, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna aliyeweza kumshutumu kwa kukidharau Kiswahili, akasema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Sisi tulisoma kwa Kiingereza, na jioni tulibishana kwa Kiswahili nje ya Ukumbi wa Nkrumah, huohuo mliokuwa mkiuona kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, wala lugha hizo mbili hazikugombana vichwani mwetu. Tatizo la leo si lugha. Tatizo ni umati. Siku hizi mtu anahitimu akiwa hawezi kuandika barua ya kuomba kazi kwa lugha yoyote ile.

Binti wa Yombo
Shikamoo, Mzee. Nimeisoma hoja yako ya Makweta na ningependa kuijibu, lakini nimeshindwa kuivuka hiyo sentensi ya mwisho. Mimi ni miongoni mwa huo umati. Nimesikiliza mihadhara kwenye kumbi za Yombo, palepale Mlimani, nikiwa nimesimama dirishani kwa sababu viti vilikuwa vimejaa, nimehitimu, na barua nimeandika nyingi kuliko nilizojibiwa. Kizazi chenu kililipiwa ada, chakula, malazi na hata nauli ya kwenda nyumbani wakati wa likizo, kazi ikawa inawasubiri mlangoni, halafu leo mnatugeuzia kibao kwamba hatujui kuandika barua. Nyinyi barua ya kuomba kazi mlimwandikia nani?

Kwa kuwa tumeanza kupimana kwa vizazi, tukumbushane pia kwamba ndugu zenu wakubwa wa mwaka 1966 waliandamana hadi Ikulu na mabango ya "afadhali ya mkoloni", kisa tu waliambiwa waende Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa mshahara kwa muda. Walifukuzwa kama mia nne hivi, na walistahili.

Mhitimu wa 1984
Marahaba. Idadi inayotajwa ni 393, na si wote waliokuwa wa Mlimani, kwani walikuwamo pia wanafunzi wa vyuo vingine vya jijini. Vilevile "kukatwa mshahara kwa muda" ni maneno mepesi mno kwa jambo lenyewe: wahitimu walitakiwa kutumika miaka miwili, na kwa miezi 18 ya muda huo wangefanya kazi zao za kawaida huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mtoto wa mkulima aliyekuwa akisubiriwa na wadogo zake saba hakuwa na kosa kuuliza hiyo asilimia 60 inakwenda wapi. Kosa lao lilikuwa ni namna walivyouliza.

Mwalimu aliwafukuza siku ileile, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi mitatu baadaye likaja Azimio la Arusha. Wengi wao walirudishwa masomoni mwaka uliofuata. Wapo wanaosema kwamba maandamano yale ndiyo yaliyolisukuma Azimio. Mimi naona yaliliharakisha tu.

Mkereketwa wa Kigamboni
Mzee anatetea wabinafsi. Mtu aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba, halafu anakataa kumtumikia mkulima huyo kwa miaka miwili, anatofautiana vipi na bepari? Mimi ningewafukuza na nisiwarudishe.

Binti wa Yombo
Ndugu wa Kigamboni, naomba usiniunge mkono kwa nguvu kiasi hicho. Nilitaka tu kumchokoza Mzee. Mimi mwenyewe, tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ilipobadilishwa mwaka 2016, ni miongoni mwa wanaokatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kurejesha mkopo wa masomo, wala hakuna rais aliyejipunguzia wake ili kunifariji. Wale walikataa kukatwa wakaitwa wabinafsi. Sisi tumekubali kukatwa tunaitwa umati.

Mwana wa Kisumu
Hamjambo, majirani. Nimefuatilia mjadala huu kwa utulivu, lakini naona mnazungumza kana kwamba Mlimani ilikuwa mali ya Watanganyika peke yao. Kuanzia 1963 hadi 1970 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Nairobi na Makerere, na vyuo hivyo viligawana kazi: aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi, na aliyetaka sheria alishuka Dar. Ndiyo maana Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wetu, alisomea sheria kwenu. Mganda wa Gulu angesomaje kwa Kiswahili mwaka 1965?

Nami nina kidonda changu. Mnataja 1966 kila mara, lakini hamtaji 1971, wakati kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alipofukuzwa kwa kumwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilalamikia namna chuo kilivyoendeshwa. Alichukuliwa na polisi na kurudishwa kwetu. Mkarimu hamfukuzi mgeni kwa barua.

Mkereketwa wa Kigamboni
Mgeni naye hamfundishi mwenye nyumba namna ya kupanga vyombo.

Mhitimu wa 1984
Hapo umekosea, kijana. Wanafunzi wa Kitanzania walimtetea Akivaga kwa kugoma, na hatimaye alirejeshwa chuoni. Hata mwaka 1978, wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, walifukuzwa kwa mamia, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Mwalimu mwenyewe. Hao waliandamana kwa ajili ya nani, kama si huyo mkulima wako wa pamba? Nilipofika Mlimani miaka michache baadaye, habari hiyo bado ilisimuliwa kwa sauti ya chini kwenye foleni ya bwalo.

Mwalimu wa Kondoa
Mwenye mada aliuliza kuhusu lugha, na tangu jana sijaona jibu. Nina kisa kifupi kutoka chuo kimoja cha serikali, ambacho sitakitaja. Mhadhiri wetu wa uchumi alikuwa akieleza jinsi wanunuzi wanavyopungua bei inapopanda. Alieleza kwa Kiingereza mara mbili, akatutazama, akaona macho matupu. Akaweka chaki mezani na kusema: "Sikilizeni. Mama yako anakwenda sokoni, nyanya zilizokuwa fungu shilingi mia tano leo ni elfu moja. Ananunua mafungu mangapi? Na je, ikiwa kilichopanda ni chumvi?" Ukumbi mzima ulijibu. Walibishana hata waliokuwa wakisinzia nyuma, kuhusu chumvi, kwamba hiyo utanunua tu. Kisha akashika chaki tena, akatuambia kwamba kwenye mtihani tuyaandike yote hayo kwa Kiingereza, na theluthi ya darasa ikafeli swali lilelile.

Mzee anasema lugha mbili hazikugombana kichwani mwake. Namwamini. Lakini waliofika Mlimani mwaka 1981 walikuwa wachache waliochujwa kwa chujio jembamba sana, na chujio lenyewe lilikuwa Kiingereza.

Mhitimu wa 1984
Mwalimu, una maana kwamba tulichaguliwa kwa sababu ya Kiingereza, si kwa akili? Hilo naliona kama tusi, ingawa umelifunga kwenye karatasi nzuri.

Mwalimu wa Kondoa
Sikusema hivyo, kaka. Nimesema kwamba wenye akili ambao hawakuwa na Kiingereza hatukuwahi kukutana nao, kwa hiyo hatuwezi kuwahesabu.

Mwanasheria wa Temeke
Namshukuru Mwalimu. Naomba niulize tena, na safari hii kwa ufupi, jambo ambalo lingeweza kuizuia hoja yangu mwenyewe, na nashangaa hakuna aliyelitaja. Hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka yote iliyopita, ambazo mwanafunzi wa sheria hawezi kuzikwepa, karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Tukianza kufundisha kwa Kiswahili kesho, nani atazitafsiri?

Mhitimu wa 1984
Wapo vijana wengi wasio na kazi wanaodai kwamba wanajua kuandika.

Binti wa Yombo
Tutazitafsiri, Mzee, wala usihofu. Andika tu barua ya kutuajiri, na utaje mshahara kabla ya ile asilimia 15.