Mawakala wa safari za msitu wa Amazon, vijiji vya Wawaorani si mali yenu ya kuuza

Wadau, hili limezidi. Kila ukifungua simu kuna tangazo: "Siku tano na kabila lisilowahi kuonwa", picha ya mzee aliyevaa manyoya ya kasuku, bei kwa dola. Mzee hajui kama picha yake inauza safari. Kijiji hakijui kama kuna wageni njiani. Mgeni naye anakuja kuujua ukweli ameshashuka mtumbwini, mizigo iko kwenye tope.

Kwanza, hakuna "kabila lisiloguswa" linalotembelewa. Wawaorani, wenyeji wa msitu huo upande wa Ekuador, wana mawasiliano na watu wa nje tangu 1958. Waliokataa mawasiliano ni jamaa zao, Watagaeri na Wataromenane, na eneo lao huko kwenye hifadhi ya Yasuní lilifungwa kisheria mwaka 1999, likaongezewa ukanda wa kilomita 10 kulizunguka. Wakala anayekunong'oneza kwamba "mkibahatika mtawaona" anakuingiza kwenye kosa, tena anahatarisha roho za watu. Mafua unayoyamaliza wewe kwa chai ya tangawizi, mwili wao haujawahi kukutana nayo. Wanahua wa Peru walipofikiwa na wakata magogo mwaka 1984, magonjwa ya kifua yaliua takriban nusu yao ndani ya miaka michache. Hata kwa Wawaorani wenye shule na zahanati, ukiwa na kikohozi usipande mtumbwi. Ahirisha.

Pili, ruhusa. Mwezi Aprili 2019 mahakama ya Pastaza iliwapa Wawaorani ushindi dhidi ya serikali, kwa sababu haikuwashirikisha ipasavyo kabla ya kutaka kuweka ardhi yao kwenye mnada wa mafuta. Serikali nzima imeambiwa hivyo, halafu wakala anaona inatosha kumpigia simu kijana mmoja mjini Coca! Mwenye kauli ni mkutano wa kijiji. Kabla hujalipa hata senti, dai barua ya mkutano huo: tarehe, idadi ya wageni, kijiji kinapata kiasi gani kwa kila mgeni kwa usiku mmoja, nani anapika, nani anashika usukani. Barua hakuna, safari hakuna. Sisi tunaotoka kwenye nchi za boma na mbuga tunajua vizuri pesa ya mgeni inavyoishia mfukoni mwa dereva.

Sasa huo mtumbwi. Mto Shiripuno maji yakipungua umejaa magogo yaliyozama. Pangaboi likigonga gogo, pini yake inakatika makusudi ili giya zisisagike, na hiyo ni kawaida. Kisichokubalika ni kutoka bila pini za akiba, koleo na kasia mbili. Mashine inanguruma, pangaboi halizunguki, mtumbwi unakaa ubavu kwa mkondo, na hapo ndipo watu huzama. Petroli nayo wanaipiga hesabu ya kushuka tu, wakati kupanda mto kunakula zaidi sana. Ikiisha, wanaomba akiba ya kijiji, ile iliyotunzwa kwa ajili ya kumkimbiza mgonjwa. Huu ni wizi.

Chakula ni hivyo hivyo: mchele wa siku tatu kwa safari ya siku tano. Siku mbili zilizobaki mnakula muhogo wa shamba la mama mwenye watoto, na hakuna anayemlipa. Mkikaribishwa chicha, kinywaji chao, pokeeni bakuli kwa heshima. Ni muhogo uliochemshwa na kupondwa, sehemu ikatafunwa ili mate yageuze wanga kuwa sukari. Mate si tatizo, tatizo ni maji mabichi ya mto yanayoongezwa wakati wa kuandaa. Gusa kwa midomo, shukuru, mrudishie.

Dawa: acheni kuwaambia Waafrika Mashariki kwamba "malaria mmeizoea". Kule kuna vivax, aina nyingine ya malaria. Mseto unaiua kwenye damu, lakini vimelea vilivyolala kwenye ini vinabaki na kuamka miezi kadhaa baadaye. Kuvimaliza kunahitaji dawa kama primakwini, na primakwini hainywewi kabla ya kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, maana kwa wenye upungufu wake inazipasua chembe hizo. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla. Gambuti za namba kubwa, 45 kwenda juu, beba kutoka kwenu. Betri zilizokwisha rudi nazo, msituni hakuna jalala.

Mawakala mliomo humu, msijibu kwa picha za machweo. Wekeni hapa barua ya kijiji, kiasi mlichokilipa, na idadi ya lita za petroli mnazobeba kwenda na kurudi.