MREJESHO: Antivairasi ilikula mashine yangu ya Kali

Wakuu, ile ishu ya juzi ya antivairasi kufuta faili la vdi (diski ya mashine yangu ya Kali, ile Linux ya kujifunzia usalama wa kompyuta) na VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) kugoma kuwaka imeisha. Kumbe halikufutwa, lilikuwa karantini (antivairasi imelifungia pembeni) GB 23 zote, kisa Metasploit (zana ya kujaribu udukuzi) iliyomo ndani ya Kali, yani zana za kujifunzia ndo kaziona virusi. Kabla ya kulirudisha nikapima SHA256 (alama ya kuhakiki kama faili halijabadilishwa) ya lile faili la 7z (lililobanwa) nililodownload (sio vdi, hiyo inabadilika kila ukiitumia), ikafanana na ya kwenye tovuti ya Kali. Nikaruhusu folda ya VirtualBox VMs tu (antivairasi isiikague), sio diski D yote kama jamaa mmoja alivyoshauri, hapo hapana aisee. Tangu jana inapiga mzigo, hadi feni ya laptop imetulia.