Tupeane uzoefu: umewahi kupata samansi ya juri Marekani?

Mleta uzi (Houston): Wakuu, habari za mihangaiko. Juzi nafungua sanduku la barua nakuta bahasha ya mahakama ya kaunti. Moyo paa! Sisi tulikokulia, barua ya mahakama ikiingia nyumbani mama anauliza kwanza ni shamba lipi tena. Kusoma, kumbe naitwa kwenye juri, lile jopo la raia wanaosikiliza kesi na kuamua kama mtu ana hatia. Sasa mimi nina grini kadi tu, uraia bado. Jina langu wamelitoa wapi? Na nikiuchuna?

Mama Chapati: Usiuchune, mdogo wangu. Texas majina yanachotwa kwenye daftari la wapiga kura na kwenye orodha ya leseni za udereva na vitambulisho. Una leseni? Basi ndiyo hiyo. Mimi ilinikuta Dallas. Shemeji yako akasema itupe, hao wamekosea. Nikaificha kwenye droo ya vijiko wiki mbili, na kila nikichukua mwiko inanitazama. Mwisho nikaisoma vizuri: kuna sehemu ya sababu za kutostahili, mojawapo ni kwamba si raia. Nikaweka tiki, nikasaini, nikatoa nakala, nikairudisha. Kwisha.

Ila sikiliza hapa. Usije ukajibu kwamba ni raia kwa kuona aibu au kwa kudhani unaonyesha uzalendo. Kujidai raia wakati si raia ni kosa zito la uhamiaji tangu sheria ya 1996. Linaweza kukufukuzisha nchini na kukufungia mlango wa uraia. Kwenye fomu ya kuomba uraia utaulizwa kama umewahi kufanya hivyo. Mimi nilikwenda kwenye usaili na nakala yangu mkononi.

Kijana wa Austin: Na ukipuuza, Texas faini ni dola 100 mpaka 1,000. Ukienda, siku ya kwanza wanakulipa dola 20. Kabla ya 2023 zilikuwa 6, maegesho yalikuwa yanazimeza zote.

Mbeba Boksi (Massachusetts): Mimi nilikuwa nimeshakula kiapo cha uraia. Samansi ikaja. Bosi wa ghala akanuna, lakini huku siku tatu za kwanza mwajiri ndiye anayelipa, kuanzia ya nne serikali ya jimbo inatoa dola 50 kwa siku. Utaratibu ni siku moja au kesi moja: usipopangiwa kesi siku hiyo, unarudi zako nyumbani.

Saa mbili asubuhi nipo. Chumba kimejaa, kuna mwalimu anasahihisha madaftari, kuna mzee kalala mdomo wazi. Nikaitwa ndani. Jaji akauliza maswali: unamfahamu mshtakiwa? Una ndugu polisi? Mawakili nao wana haki ya kuwakataa wachache wenu bila kutaja sababu. Niliomba Mungu wanikatae, lafudhi yangu hii! Wakamkataa mwalimu, mimi wakaniacha.

Tulikuwa sita, maana kesi za mahakama ya wilaya huku hazihitaji 12. Jamaa alishtakiwa kuendesha gari amelewa. Ushahidi mkubwa ni askari kusema aliyumba alipoambiwa atembee kwenye mstari. Tulipofungiwa chumbani, watano wakasema ana hatia. Nikauliza tu: askari si alisema kulikuwa na barafu barabarani? Kimya. Mama mmoja akafungua tena kidaftari chake akatafuta. Akasema, kweli, hapa nimeandika. Saa mbili baadaye tukatoka na jibu moja: hana hatia. Mshtakiwa alikuwa ameshika ukingo wa meza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nilishindwa kula siku hiyo.

Babu Likoni: Kwetu Kenya tulikuwa na wazee wa mahakama, wakafutwa 2007. Lakini wale walikuwa wakitoa maoni tu, jaji akitaka anayaweka pembeni. Huyu mwenzetu na wenzake watano walikuwa na neno la mwisho. Si mchezo.

Dada wa Minneapolis: Tahadhari jamani. Nilipigiwa simu, sauti nzito, eti sajenti, umekacha juri, hati ya kukukamata iko tayari, nunua kadi za zawadi dukani unisomee namba. Nilikuwa nimeshavaa viatu! Mwanangu wa darasa la saba ndiye aliyeninyang'anya simu. Mahakama haidai faini kwa kadi za zawadi, kata simu.

Mleta uzi: Nashukuru sana wakuu. Tiki nimeweka, nimepiga picha kurasa zote, kesho naipeleka posta. Mama Chapati, nakala yako umeihifadhi wapi miaka yote hiyo?

Mama Chapati: Droo ileile ya vijiko.