Windows 10 imefikia mwisho na kompyuta haikubali Windows 11: nihamie Linux au nibaki?

BabaTabata ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu kompyuta yetu ya nyumbani. Ni HP EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8 na diski ya kawaida ya GB 500, ambayo niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika na muuzaji akiwa ameshaipiga Windows 10. Tangu Microsoft ilipositisha masasisho ya mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, hunijia taarifa kwamba kompyuta haikidhi vigezo vya Windows 11.

Kompyuta hii tunaitumia watu wanne kwa kupokezana. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari na hutunga mitihani kwa Word. Mimi ni mtunza hazina wa kikundi chetu cha VICOBA na vitabu vyote vya hesabu viko kwenye Excel. Binti yetu yuko mwaka wa kwanza chuoni akijifunza kuandika programu. Na mdogo wake wa kidato cha tatu hufuatilia masomo mtandaoni. Tuna printa ya Epson L3110, na intaneti yetu ni bando la simu. Kijana mmoja mtaani ananihimiza nifute kila kitu niweke Linux, yaani mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, ilhali muuzaji anasema dawa ni kununua kompyuta nyingine. Je, hakuna njia ya katikati, na inawezekana mifumo miwili ikakaa kwenye diski moja bila kuleta matatizo?

FundiSinza amejibu:

Mkuu, kwanza tuondoe hofu. Windows 10 haikuzimika siku ile. Inaendelea kufanya kazi kama kawaida, isipokuwa matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya tarehe hiyo hayazibwi tena kwa mtu asiyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inapowaka) na, kwa upande wa Intel, kwa jumla prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yako imekwama kwenye prosesa, kwa hiyo yeyote atakayekuambia kwamba ukiongeza RAM itakubali anatafuta kukuuzia RAM. Wapo wanaoilazimisha kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu ya kuandalia flashi za kupigia mifumo, na kwa kweli inaingia. Ila Microsoft haikuhakikishii masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka utalazimika kulipandisha kwa mkono. Kwenye kompyuta inayobeba hesabu za fedha za watu, mimi nisingefanya hivyo.

Mpango wa nyongeza niliougusia unaitwa ESU, na kwa watumiaji wa nyumbani unadumu hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Haulipiwi iwapo utaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye seva zao; usipotaka hivyo, ada yake ni dola 30. Kuna sharti moja linalowakwaza wengi wenye kompyuta zilizotumika: mfumo uwe toleo la 22H2, na uwe wa Home au Pro. Wauzaji wengi hupiga Enterprise, yaani toleo la makampuni makubwa, kisha wakaiwezesha kwa programu za kuvunja leseni, na Enterprise ya namna hiyo haimo katika mpango huu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya System, kisha About, usome ilivyoandikwa. Ukikuta ni Enterprise usikate tamaa, kwa sababu EliteBook nyingi za umri huo zilitoka kiwandani na leseni ya Pro iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe. Ukitengeneza flashi kutoka tovuti ya Microsoft na kupiga Windows 10 Pro safi, kwa kawaida inajiwezesha yenyewe pindi ikipata intaneti, bila kulipa hata senti. Hizo programu za kuvunja leseni, ambazo huanza kwa kukuomba uzime kizuia virusi ili zifanye kazi yake, sijapata kuelewa kwa nini mtu mwenye siri za kikundi azikaribishe nyumbani kwake.

Jambo la mwisho ni diski. Ibadilishe uweke SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, kabla hujafikiria kununua kompyuta nyingine. Uzito mwingi ambao watu huusingizia Windows unatokana na diski hiyo ya kuzunguka, na hata Linux ukiiweka juu yake itakwenda kwa kusuasua.

MwalimuTemeke amejibu:

Nitazungumzia upande wa shemeji tu, kwa kuwa kazi yake naifanya mwenyewe. Microsoft haijatengeneza Office ya Linux. Atakachotumia kule ni LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafungua faili za Word na Excel, lakini kufungua si sawa na kufungua zikiwa vilevile. Mtihani wenye maandishi matupu na jedwali la kawaida hausumbui. Wenye michoro iliyopangwa juu ya maandishi, visanduku vya maandishi na milinganyo ya hesabu ndio unaoweza kukuhamishia mchoro wa swali la 4 ukaenda kukaa chini ya swali la 5. Mwandiko wa Calibri nao haumo kwenye Linux; LibreOffice huweka Carlito mahali pake, ambao herufi zake zimepimwa ziwe na upana uleule, hivyo mistari haikatiki pabaya mradi Carlito iwepo. Iwapo shule inapokea PDF, yote haya hayana uzito. Iwapo mtaaluma anataka faili la Word ili alirekebishe mwenyewe, yana uzito mkubwa.

Kwa vitabu vya VICOBA, kanuni za kujumlisha na kukokotoa riba zitafanya kazi kama kawaida. Ukiwa na makro (amri zinazojiendesha zenyewe) ndani ya faili, zijaribu moja baada ya nyingine, maana baadhi hugoma.

Jaribio hilo halihitaji Linux hata kidogo, kwani LibreOffice ipo pia ya Windows. Iweke hapo ulipo, shemeji atunge nayo mtihani wa mwezi huu, nawe ufungie nayo hesabu za mwezi, kisha mtajua kama mnaweza kuhama. Nasikitika kwamba habari hizi bado zinaonekana ngeni kwetu, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishatoa OpenOffice, mtangulizi wa LibreOffice, kwa Kiswahili tangu 2004 na kuiita Jambo OpenOffice.

KodiUbungo amejibu:

Mimi natumia Linux kila siku, na bado sikubaliani na kijana anayekuambia ufute kila kitu. Kwa mtu anayetoka Windows ningependekeza Linux Mint 22, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa kuwa mpangilio wake wa skrini hautamshangaza mtu na masasisho yake yanaendelea hadi 2029. Faili lake linakaribia GB 3, hivyo lipakue kwa bando la usiku, ulichome kwenye flashi ya GB 8, kisha uwashe kompyuta huku ukibonyeza F9 ili uchague flashi hiyo. Mint itafunguka nzima kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kaa nayo jioni nzima: unganisha Wi-Fi ya simu, cheza video ya masomo, sikiliza sauti, chapisha ukurasa mmoja. Epson ina draiva za Linux kwa printa hizi za matangi ya wino, kwa hiyo sitarajii shida, ila kuskani kukijaribu ni bora kuliko kunisadiki. Binti yako atafurahi kuliko wote, maana Python na zana nyingine za waandika programu zinapatikana humo kwa amri moja.

Mifumo miwili kwenye diski moja inawezekana, na Mint yenyewe hukupa chaguo la kukaa kando ya Windows. Utangulize Windows, Mint ifuate. Kabla ya yote nakili faili za VICOBA na mitihani mahali pawili nje ya kompyuta. Halafu, ndani ya Windows, zima kitu kinachoitwa Fast Startup: kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki kikamilifu bali hulala ikiwa imeshikilia diski, na ukiwa upande wa Linux utaweza kusoma faili zake bila kuruhusiwa kuandika. Angalia pia kama BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski nzima, imewashwa. Kama ndiyo, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi, kwa sababu ukibadilisha mpangilio wa kuwasha kompyuta bila kuwa nao unaweza kujifungia nje ya faili zako mwenyewe.

BabaTabata ameandika:

Nawashukuru sana wakuu. Nimekuta kweli ilikuwa Enterprise. Nimeweka SSD ya GB 480, nikapiga Windows 10 Pro, ikajiwezesha kama FundiSinza alivyoeleza, na nimeshaiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Mint nimeipa GB 120. Printa imekubali pande zote mbili. Mke wangu ameijaribu LibreOffice na amekataa katakata kuhama, kwa sababu mtaaluma wao anataka Word. Basi yeye na mimi tunabaki Windows, watoto wako Mint.

Limebaki jambo moja la ajabu. Kila watoto wakishatumia Mint, nikirudi Windows nakuta saa imerudi nyuma. Leo saa nne asubuhi ilikuwa inaonyesha saa moja. Je, betri ya ubao mama imekufa?

KodiUbungo amejibu:

Betri ni nzima, mkuu. Windows huichukulia saa ya ubao mama kuwa ni saa za hapa hapa, wakati Linux huihesabu kuwa ni saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, na sisi Dar es Salaam tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Mint inapoirekebisha kwa utaratibu wake, Windows ikaisoma kwa utaratibu wake, ndipo zinapopotea saa 3 kamili. Betri ikifa huwa inarudi miaka, hairudi kwa kipimo hicho. Fungua terminali ya Mint, lile dirisha la kuandikia amri, andika timedatectl set-local-rtc 1 na uweke nenosiri likiombwa. Kisha washa Windows, ingia kwenye mipangilio ya saa na ubonyeze kitufe cha kuoanisha mara moja tu.