Fundi wa boti kafika miaka 48, anatafuta wa kumrithisha ujuzi, vijana hawakai. Tatizo liko wapi?

Mwalo_Igombe
Wakuu, habari za saa hizi. Swali ni kwa wanaojua saikolojia ya watu wazima, na kwa mafundi wenyewe.

Kwenye mialo ya huku Mwanza, Ziwa Victoria, yaani fukwe zinakotia nanga boti za uvuvi kama Kirumba, Igombe, Kayenze, kuna jambo linajirudia. Fundi wa injini za boti anapiga kazi miaka ishirini bila kujali nani anamtazama. Akigonga 45 au 50, ghafla anataka kijana wa kumwachia ufundi. Anamchukua saidia fundi, anamsifia kwa kila mtu, halafu baada ya miezi mitatu minne kijana yuko kwenye bodaboda na mzee anahitimisha kwamba vijana wa leo hawafundishiki.

Hamu hii ni kitu gani hasa? Uzee, woga wa kufa, au hatua ya kawaida? Na aanzeje ili kijana atoke na ujuzi kweli? Jibu la "vijana hawana adabu" naomba tuliruke, limeshasemwa vya kutosha.

Nasaha_MZA
Ni hatua ya kawaida na ina jina. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Erik Erikson aliyagawa maisha katika hatua nane, na ya saba huangukia takribani miaka 40 hadi 65. Kinachoshindaniwa hapo ni jenerativiti, yaani ari ya kulea na kuacha kitu kitakachoendelea bila wewe, dhidi ya kudumaa. Aliyedumaa si lazima awe mvivu. Anaweza kuwa na boti tatu ziwani, ila kila anachojenga kinaishia kwake mwenyewe.

Msiichanganye na kuzaa. Mwanasaikolojia John Kotre, mwaka 1984, alitenga aina nne: ya kuzaa, ya kulea, ya kurithisha ufundi, na ya kurithisha maana na desturi. Fundi wetu anakimbilia ya tatu na kuisahau ya nne: kijana anaonyeshwa jinsi ya kufungua kabureta, lakini haambiwi kwa nini fundi mwenye heshima hatoi plagi nzima ili bili inenepe. Wazee wa Kisukuma walilijua hili. Kwenye shikome, penye moto wa jioni, vijana hawakufundishwa kazi peke yake.

Sasa kwa nini wanaondoka. Wanasaikolojia Dan McAdams na Ed de St. Aubin, mwaka 1992, walieleza kwamba ndani ya mtu hamu hii inasukumwa na mambo mawili: kutaka jina lako lisipotee, na kutaka kuhitajika. Tendo lenyewe nalo lina sehemu tatu: kuumba, kutunza, kisha kutoa, yaani kuwaachia wengine. Wengi hukwama kwenye kutoa. Anayeishi kwa kuhitajika hafurahii siku kijana anapoacha kumhitaji, basi anaichelewesha bila hata kujua. Anaficha kipengele kimoja cha mwisho, anampokonya spana, anamsahihisha mbele ya mwenye boti.

Kipimo chepesi: usiulize kama hamu ipo, hesabu matendo ya miezi miwili iliyopita. Mara ngapi kijana aliifunga injini na kuiwasha bila mkono wa fundi kuigusa? Ikiwa ni sifuri, hamu ipo lakini ulezi haujaanza.

Spana_Kumi
Nasaha kamaliza upande wa kichwa, mimi niingie kwenye mikono.

Saidia fundi anashika tochi, anaosha vipuri, anafuata chai, anaambiwa "tazama hapa". Kutazama hakumfundishi, kwa sababu fundi mzoefu hajui tena anachokijua: injini ikikohoa tu, mkono wake umeshafika kwenye plagi. Kwa hiyo kila kazi ipite hatua nne. Kwanza fundi afanye huku akisema kila anachosikia na kugusa. Pili fundi aseme, kijana afanye. Tatu kijana afanye na aseme mwenyewe. Nne kijana abaki peke yake, fundi akae mbali kiasi cha kutoifikia spana. Ile ya tatu ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayomfichua aliyekariri bila kuelewa.

Mpangilio: anza pale ambapo kosa ni la bei rahisi. Mafuta kwanza. Injini ya tu-stroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, yenye kipimo cha 50 kwa 1 inataka oili mililita 100 kwenye petroli lita 5, au 400 kwenye dumu la lita 20. Apime kwa chombo chenye alama, asikadirie kwa kizibo. Oili ikipungua pistoni inakwama na injini inanoki. Ikizidi, plagi inalowa na moshi unajaa. Injini mpya ifuate kitabu chake, maana mwanzoni huhitaji oili zaidi.

Halafu oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni uzi wa nyavu uliojizungusha nyuma ya propela ukaikata sili, raba inayozuia maji yasiingie. Kijana azoee kutoa propela na kutafuta uzi kabla hajamtuma mtu dukani, la sivyo sili mpya itakatwa vilevile. Kisha impela, feni ndogo ya pampu inayosukuma maji ya kupoza: ni raba, na injini ikiwashwa nchi kavu impela inaungua upesi. Magugumaji na mchanga navyo huziba njia za maji ya kupoza. Kabureta na umeme viwe mwisho.

Tafuteni injini mbovu isiyo ya mteja, aifungue na kuifunga mpaka isibaki boliti mezani. Na chagueni siku. Boti za dagaa huvua kwa taa gizani, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali nyingi hupumzika. Hapo injini ziko ufukweni na hakuna mwenye boti aliyekusimamia kichwani akitaka kuingia ziwani jioni hiyohiyo.

Mwalo_Igombe
Hilo la kupokonya spana nadhani ndilo lenyewe. Swali dogo: akiharibu kipuri cha mteja, nani analipa?

Mizani_ya_Dagaa
Fundi. Yeye ndiye aliyemruhusu, na ndiyo maana hatua mbili za kwanza zifanyike kwenye ile injini mbovu. Yasemwe siku ya kwanza mbele ya mzazi au mlezi, yaandikwe hata kwenye daftari la shule.

Nasaha, kidogo nakupinga. Kuna anayeondoka si kwa sababu mzee kang'ang'ania, bali saa nane mchana hajala, na bodaboda inalipa leo leo. Hela ya kula iwe ya kila siku na isiwe fadhila. Akifika hatua ya nne, apewe robo ya pesa ya ufundi kwa kazi aliyoifanya peke yake, isogee hadi nusu kadiri majukumu yanavyoongezeka. Na tarehe ya kumaliza itajwe, mathalani miezi 18. Mafunzo yasiyo na mwisho ni kibarua cha bei rahisi, hata yakiitwa ulezi.

Mkubaliane pia atafanyia kazi wapi. Mwalo mmoja ukiwa na wateja wachache, mwalimu na mwanafunzi watagombana tu. Afungue kwake Sengerema au Ukerewe, na fundi amwelekeze wateja wa upande huo. Cheti kisiwatishe: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na fundi mwenyewe anaweza kuupitia.

Nasaha_MZA
Nakubali, tumbo linatangulia. Naongeza mawili. Asilazimishe mwanawe awe ndiye mrithi. Anayependa injini anaweza kuwa mtoto wa jirani, tena binti. Na siku ya kuagana ampe seti yake: spana namba 8, 10, 12, 14, 17 na ya plagi. Kuanzia hapo, mbele ya wateja asimwite "kijana wangu". Amwite fundi.